Boma Si Kifupisho cha Mwingereza

Kuna hadithi moja imezunguka sana kwenye vijiwe vya wasomi, kwenye barua pepe za kutumiana, na hata midomoni mwa baadhi ya waongoza watalii wetu. Inasema kwamba neno "boma" si la Kiswahili hata kidogo. Eti ni herufi za mwanzo za "British Overseas Management Administration". Mwingine atakukatalia na kusema hapana, ni "British Officers Mess Area". Kwamba Mwingereza alipojenga ofisi zake aliandika B.O.M.A. mlangoni, na wenyeji, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kigeni kwao, wakadhani hilo ndilo jina la nyumba. Wakalibeba, wakaturithisha, na mpaka leo tunasema tunakwenda bomani.

Hadithi tamu, sikatai. Ina kichekesho ndani yake na inamfanya msimuliaji aonekane ana elimu ya ziada. Shida yake ni moja tu: ni uongo. Na si uongo wa bure. Ukiuamini umekubali kwamba kabla ya Mwingereza babu zetu hawakuwa na kitu cha kuitwa boma, hawakuwa na cha kulinda, hawakuwa na vita wala mafundi wa kujenga kuta. Yaani tunanyang'anywa historia nzima kwa herufi nne, na tunaoshangilia ni sisi wenyewe.

Ndugu msomaji, tuanze na hesabu rahisi ya miaka.

Hapa Tanganyika Mwingereza alikuja kwa Vita Kuu ya Kwanza. Alianza kuitwaa nchi kutoka kwa Mjerumani mwaka 1916, na baada ya vita akakabidhiwa aitawale chini ya Shirikisho la Mataifa. Sasa angalia majengo tunayoyaita maboma. Boma la Mikindani lilijengwa mwaka 1895. Boma la Bagamoyo, 1897. Boma la Arusha, 1900. Yote ni kazi ya Mjerumani, na Mjerumani mwenyewe aliyaita hivyo hivyo. Neno "Boma" limejaa katika maandishi ya maofisa wake wa enzi hizo, tena kwa herufi kubwa kama zilivyo nomino zote za lugha yao. Swali la kijiweni: Mjerumani, ambaye alikuwa akigombania ardhi ya Afrika na Mwingereza, angeita ngome yake kwa kifupisho cha Kiingereza ili iweje?

Turudi nyuma zaidi. Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya kamusi kubwa ya Kiswahili ambayo ilichapishwa London mwaka 1882, muda mfupi baada ya kifo chake. Neno boma limo. Analieleza kuwa ni uzio wa kujihami unaozunguka miji na vijiji, na kwamba waweza kuwa wa mawe, wa miti iliyosimikwa, au wa kichaka cha miiba kisichopenyeka. Henry Morton Stanley naye, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu safari ya kumtafuta Livingstone, analitumia neno hilo tena na tena. Misafara ilipolala porini watu walikata miiba na kuzungusha boma ili simba na maadui wasiingie.

Mwaka 1872! Mkutano wa Berlin ulikuwa bado miaka kumi na mbili mbele. Kenya ilitangazwa kuwa himaya ya Uingereza mwaka 1895. Na hata ilipotangazwa, iliendeshwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi 1905, kisha ikahamishiwa Wizara ya Makoloni. Hiyo "Overseas Management Administration" haikuwahi kuwapo. Ni ofisi ambayo haikuwa na mkuu, haikuwa na bajeti, wala karatasi yenye nembo yake.

Kwa hiyo hilo tumelimaliza. Swali gumu zaidi ni hili: neno lenyewe limetoka wapi, na lilikuwa na maana gani kabla halijawa ofisi ya Mkuu wa Wilaya?

Maneno yetu mengine ya ngome yana hati za kusafiria zinazosomeka vizuri. Chukua "gereza". Hili ni la Mreno, kutoka "igreja", yaani kanisa. Utashangaa kanisa limekuwaje jela. Mreno alipojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, kati ya 1593 na 1596, aliweka na kanisa ndani yake. Kwa mwenyeji aliyesimama nje, kanisa na ngome vilikuwa kitu kimoja, chenye kuta nene na mizinga. Gereza likawa ngome. Ukienda Kilwa Kisiwani, ngome iliyopo pale pwani inaitwa Gereza mpaka leo. Kisha ngome nyingi zikageuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, na hiyo ya Mombasa yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Ndipo gereza likabaki na maana tunayoijua.

"Husuni" ni la Kiarabu, kutoka neno la ngome, na ndilo lililoachwa kwenye magofu ya Husuni Kubwa kule Kilwa, ingawa lile lilikuwa hasa kasri la sultani wa karne ya 14. "Handaki" nalo lilipitia Uarabuni likiwa limetokea Uajemi.

Boma je? Wapo waliolihusisha na Kiajemi pia, na neno "bum" lenye maana ya ardhi au nchi. Si jambo la kushangaza, maana mabaharia wa Uajemi walifika pwani yetu zamani sana na wametuachia maneno ya kutosha. Lakini mimi naona tusikimbilie ng'ambo kabla hatujatazama sebuleni kwetu. Kiswahili, kama Kibantu chenzake, kina namna ya kutendua kitendo kwa kubadili mkia wa neno. Unafunga, unafungua. Unakunja, unakunjua. Unaziba, unazibua. Unachoma mwiba, unauchomoa. Sasa sikiliza neno "bomoa". Lina mkia ule ule wa kutendua. Kinachobomolewa ni nini kama si kilichosimamishwa kikawa boma? Ukiuliza mtoto wa darasa la tatu akunyambulie, atakupa jibu bila kufikiri. Umbo la neno linakaa ndani ya Kibantu bila kulazimishwa, na vitu vilivyoitwa kwa neno hilo vilikuwa kila mahali bara, mbali na bandari ambako Waajemi walitia nanga.

Na lugha zetu za bara zilikuwa na maneno yake ya kitu hicho hicho. Mfano mzuri kuliko yote upo kwenye ramani na wengi tunaupita kwa basi bila kujua. Iringa. Jina hilo limetokana na neno la Kihehe "lilinga", maana yake ngome. Yaani unapokata tiketi Ubungo au Magufuli kwenda Iringa, umekata tiketi ya kwenda Bomani. Ukivuka kusini mpaka Malawi, Wachewa wana "linga" kwa maana ya ukuta au boma la kujihami. Na kwenye bonde la Zambezi, upande wa Msumbiji, ngome za miti za karne ya 19 zilizowasumbua sana Wareno ziliitwa "aringa". Sikiliza jinsi maneno hayo yanavyoitana. Hakuna Mwingereza hapo.

Kwa nini karne ya 19 ilijaa ngome? Kwa sababu ilikuwa karne mbaya. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakipanda kaskazini na mbinu za kivita za Shaka, na kila walipopita watu walilazimika kujifunza kupigana upya. Biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka pwani ikafika Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Bunduki na baruti ziliingia kwa wingi. Kijiji kisicho na ukuta kilikuwa soko la bure kwa wawindaji wa watu. Basi watu walisimika magogo, wakapanda miiba, wakachimba mahandaki, wakajenga kwa udongo na mawe. Boma lilikuwa jibu la mtu wa kawaida kwa swali la usiku: nikilala, nitaamka nikiwa huru?

Ndiyo maana neno lile lile lilifaa kwa ng'ombe na kwa watu. Zizi lenye miiba kuzuia simba ni boma. Mji wenye ukuta kuzuia wavamizi ni boma. Kazi ni moja: kilicho chetu kibaki ndani, kinachotudhuru kibaki nje.

Wajerumani walipoanza kuitwaa nchi hii kwa bunduki, walichokutana nacho njiani kilikuwa maboma. Hii ndiyo sehemu ambayo ile hadithi ya kifupisho inatuibia.

Mei 8, 1889, Hermann von Wissmann alivamia kambi ya Abushiri bin Salim karibu na Bagamoyo, kambi iliyozungushiwa ngome ya miti. Abushiri alitoroka, akaendelea kupigana, akaja kunyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo. Februari 1891 Wissmann huyo huyo alikuwa Kilimanjaro, akiishambulia ngome ya mawe ya Mangi Sina wa Kibosho. Wachagga walikuwa mafundi wa kujenga kwa mawe na kuchimba mahandaki.

Tabora alikuwapo Mtemi Isike wa Unyanyembe. Boma lake lilikuwa imara kiasi kwamba majaribio ya mwaka 1892 ya kuliteka yalishindikana. Januari 1893 akaja Tom von Prince na safari hii kuta zikavunjwa. Isike hakujisalimisha. Aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani.

Na Uhehe alikuwapo Mkwawa. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, wapiganaji wake walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafa hapo. Mkwawa alijua watarudi. Kalenga, makao yake makuu, palizungushiwa ukuta mrefu wa mawe, lilinga lenyewe. Walirudi Oktoba 1894 na mizinga. Oktoba 30 waliingia ndani ya ukuta kwa mapigano ya nyumba kwa nyumba. Mkwawa akaponyoka, akaendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne, hadi Julai 19, 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe hai. Walikata kichwa chake wakakipeleka Ujerumani. Fuvu lake likaja kutajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudi nyumbani mwaka 1954 tu.

Sasa fikiria wewe ni ofisa wa Kijerumani. Umepigana miaka kumi kwenye nchi ambayo kila mtawala mwenye nguvu anakaa ndani ya boma. Askari wako wanazungumza Kiswahili. Wapagazi wako ni watu wa Kiswahili. Umewashinda wenye maboma, sasa unataka wananchi waelewe kwamba mwenye nchi ni wewe. Unajenga nini? Unajenga boma. Tena kubwa kuliko yote, jeupe, la mawe na chokaa, lenye minara kwenye pembe na matundu ya kupitishia bunduki, ua katikati, mlingoti wa bendera na chumba cha mahabusu. Na watu wanaliita kwa jina la kitu wanachokijua. Mjerumani naye anaitikia, kwa sababu jina lile linambebea ujumbe wake bure.

Baadhi hakujenga hata. Boma la Kale pale Dar es Salaam, mkabala na bandari, lilijengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, Mjerumani alipokuwa bado hajafika. Alilikuta, akaingia, akaligeuza kuwa lake.

Hapa ndipo neno lilipogeuka tumbo nje. Boma la zamani lilikuwa la kuwazuia watu wa nje wasiwadhuru walio ndani. Boma jipya lilikaa na mtu wa nje ndani yake, na wenye nchi wakabaki nje ya ukuta. Bomani ndiko ilikopelekwa kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Bomani ndiko walikokwenda maakida kupokea amri. Bomani ndiko mtu alikolazwa chini akachapwa viboko ishirini na tano, "hamsa ishirini" ambayo wazee wetu waliisimulia mpaka ikawa jina lingine la utawala wa Mjerumani. Kuitwa bomani hakukuwa habari njema.

Ndiyo maana Vita vya Majimaji vilipolipuka Julai 1905, watu walijua pa kwenda. Walianza kwa kung'oa pamba Umatumbi, na baada ya wiki chache walikuwa wanayaendea maboma. Boma la Liwale lilichomwa moto mwezi Agosti. Agosti 30, 1905, maelfu ya wapiganaji waliliendea Boma la Mahenge asubuhi, wakipanda kuelekea kwenye bunduki za mashine, wakiamini maji ya Kinjikitile yatageuza risasi. Kinjikitile mwenyewe alikuwa ameshanyongwa tangu mwanzoni mwa mwezi huo. Walikufa kwa mamia chini ya ukuta ule. Vita vilipokwisha, kwa risasi na zaidi kwa njaa iliyosababishwa na kuchomwa mashamba, hesabu ya serikali ya Kijerumani ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria wetu waliofuatilia baadaye wamefikisha hesabu hiyo hadi 250,000 na 300,000.

Watu hao hawakufa wakishambulia "British Officers Mess Area". Walishambulia boma, neno lao wenyewe, lililokuwa limetekwa likageuziwa mtutu. Ndiyo sababu ile hadithi ya kijiweni inanikera kuliko inavyonichekesha.

Mwingereza alipoingia hakuwa na haja ya kubuni neno. Alikuta majengo yapo, jina lipo, na hofu ipo. Akamweka DC ndani, na chini ya mfumo wa kutawala kupitia machifu ulioletwa na Gavana Donald Cameron kuanzia 1925, chifu akawa anakusanya na boma linapokea. Neno lilisambaa pia hadi Malawi na Zambia, ambako mpaka leo boma ni makao makuu ya wilaya, na Mmalawi akisema "boma" anaweza kuwa na maana ya serikali yenyewe.

Ukafika uhuru, bendera ikabadilishwa, lakini mlingoti ukabaki pale pale. Wakuu wa Wilaya wetu waliingia kwenye majengo yale yale, wakakaa nyuma ya kuta zile zile nene. Silaumu mtu, nchi changa haiwezi kubomoa kila jengo la mkoloni ikajenga upya. Ila ni haki kuuliza kama mazoea ya ndani ya jengo nayo yalibaki. Mwananchi anayeingia ofisi ya serikali leo huku amevua kofia na kuinamisha kichwa kabla hajaulizwa shida yake, tabia hiyo kairithi wapi? Nani alimfundisha kwamba pale yeye ni mgeni?

Hata hivyo lugha ina akili zake. Watu wameliosha neno hili kidogo kidogo. Tanzania bara, kijana akikwambia amefunga "ndoa ya bomani" anamaanisha ndoa ya serikali, isiyo ya kanisani wala msikitini, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua sawasawa na nyingine. Mahali pa hamsa ishirini pamekuwa mahali pa kuvalishana pete. Wale walioshindwa kuelewana na wazazi kuhusu dini au mahari wanalijua boma kwa upande wake mzuri.

Majengo nayo yamepata kazi nyingine. Boma la Arusha likawa makumbusho ya elimu ya viumbe. Boma la Mikindani lilikarabatiwa likawa hoteli. La Iringa, ambalo Mjerumani alilijenga karibu na 1914 akikusudia liwe hospitali, na baadaye likawa ofisi za utawala, lilifunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho. Ukiingia pale umeingia kwenye boma lililo katika mji uitwao ngome, kusoma habari za watu waliovunjiwa ngome yao. Nenda siku moja, kisha endelea mpaka Kalenga kwenye fuvu la Mkwawa. Si mbali.

Majirani zetu Kenya wamelipeleka upande mwingine. Kwao boma ni nyumbani kwa mtu, mji wa familia. Wamasai wenyewe wana neno lao, "enkang", lakini watalii wote wanaambiwa wanapelekwa kuona boma la Wamasai. Mwaka 1971 serikali ya Kenya ilianzisha kituo cha utamaduni nje kidogo ya Nairobi chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kikaitwa Bomas of Kenya. Neno letu, limebandikwa mkia wa wingi wa Kiingereza, kana kwamba "maboma" lilikuwa jina zito kutamka! Na kituo hicho cha ngoma kikageuka uwanja wa siasa nzito: mkutano wa katiba uliozaa rasimu ya Bomas ya mwaka 2004, kisha kituo cha kujumlishia kura za urais 2013, 2017 na 2022. Katika uchaguzi, Wakenya wakisema "tunasubiri Bomas" hawasubiri ngoma. Wanasubiri kujua nani ataingia Ikulu. Boma limerudi kuwa mahali pa mamlaka, safari hii mbele ya kamera. Hata mpango wa serikali yao wa kuwauzia wananchi nyumba za bei nafuu umeitwa Boma Yangu.

Na sisi huku tumeongeza maana ambayo Krapf hakuiandika. Sikiliza taarifa ya habari: "Halmashauri imetenga fedha za kukamilisha maboma ya madarasa." Ukisikia "maboma" hapo, ni kuta zilizosimama bila paa. Wananchi wamechanga nguvu zao wakafikisha jengo kwenye linta, sasa wanaisubiri serikali ilete mabati. Ukitaka kununua kiwanja Kibaha au Chanika dalali atakuuliza, "Unataka kitupu au chenye boma?" Nusu ya vijana wa umri wetu mjini hapa wana boma mahali fulani, limeota nyasi ndani, linangoja mkopo.

Mimi naiona maana hii ya mwisho ina heshima yake. Boma la zamani halikujengwa na serikali kwa ajili ya watu, lilijengwa na watu. Waliamka asubuhi wakakata magogo. Wanakijiji wanaosimamisha kuta za zahanati kabla hata mwakilishi wao hajafika wanafanya kazi ile ile, na neno lile lile limewafuata bila mtu yeyote kulitafuta kwenye kamusi. Tofauti ni kwamba wao wanasubiri paa kutoka bomani, na wakati mwingine wanasubiri mpaka kuta zinaanza kuanguka.

Kwa hiyo safari ijayo mtu akikwambia kijiweni kwamba boma ni kifupisho cha Mwingereza, usigombane naye. Muulize tu: mwaka 1872 Stanley aliisikia wapi? Mjerumani aliipata wapi? Isike alijilipua ndani ya nini? Akimaliza kukuna kichwa, mwambie habari ya lilinga.

Halafu fanya jambo moja kwa faida yetu sote. Muulize bibi au babu, kwa lugha yenu ya nyumbani, ngome ya zamani iliitwaje. Wahehe wameshatupa yao. Wachagga, Wanyamwezi, Wapare, Wangoni, Wajaluo, Wakamba, Mijikenda wenye makaya yao, maneno yenu yapo na wanaoyajua wanazeeka. Yaleteni tuyaandike hapa, kabla hajatokea mjuzi mwingine wa kutuambia nayo ni vifupisho.

Nawasilisha.